Mgeni Aliyekula Luku

"Linakula nini?"

Hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza la Shangazi. Hakuuliza bei wala mwendo. Alisimama kizingitini kwake Magomeni ya Bagamoyo, kanga kiunoni, mwiko mkononi, akalikagua lile gari kutoka pua hadi mkia kama anavyokagua vijana wanaoleta posa.

"Halinywi mafuta, Shangazi. Linatumia umeme."

"Umeme wa nani?"

Ningekuwa na akili timamu ningegeuza pale pale nikarudi Dar es Salaam. Lakini sikuwa na akili timamu. Nilikuwa na asilimia 19.

Nieleze lilivyonifikia. Mume wa dada yangu ni Mnyamwezi wa Tabora anayeuza vigae, na Mwenyezi Mungu amemfungulia. Ameagiza gari kubwa la umeme, la kifahari, limenyanyuka juu kama la kwendea porini ingawa mwenyewe hataki likanyage hata changarawe. Aliyelitengeneza simtaji, maana makosa ya hadithi hii si yake, na Shemeji anasoma magazeti. Binti wa mwisho wa Shangazi alikuwa anaolewa Jumamosi. Shemeji alikuwa Guangzhou anachagua vigae. Dada yangu, anayejua saa ambayo mumewe hawezi kusema hapana, alimpigia usingizi ukiwa umemkolea, akapata ruhusa: gari litambeba bibi harusi, na dereva atakuwa mimi.

Asubuhi yake Shemeji aliamka, akakumbuka alichokubali, akanipigia kutoa masharti. Yalikuwa matatu. Nisiende kasi. Nisilisogeze karibu na maji ya chumvi. Na samaki, alirudia neno hili mara mbili, samaki wasiingie humo ndani. Kumpeleka mtu Bagamoyo na kumkataza chumvi na samaki ni sawa na kumtuma Kariakoo ukamwambia asigusane na watu, lakini nilisema ndiyo, ndiyo, ndiyo, kwa sababu tayari nilikuwa nimekalia kiti.

Kile kiti. Ngozi laini kama shavu la mtoto. Mbele yangu kioo kimoja kipana kutoka mlango hadi mlango, kikubwa kuliko televisheni ya baa yetu ya Sinza, na ndani yake ndimo kila kitu kilimofichwa: redio, kiyoyozi, taa, vioo vya pembeni, hata droo ya mbele. Kitufe cha kubonyeza kwa kidole bila kutazama hakipo. Walioliunda wanaamini kwamba dereva ni mtu asiye na kazi nyingine.

Kagari kangu ka zamani ukikakanyagia mafuta kwanza kanakohoa, kisha kanafikiri, kisha kanakubali kwa shingo upande. Hili halifikiri. Mota ya umeme hutoa nguvu zake zote tangu tairi likiwa bado limesimama. Hakuna gia ya kupanda wala mngurumo wa kukuonya. Lina uzito wa tani mbili na nusu, na linatoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde tano. Kwenye taa za Mwenge nilijaribu kidogo tu. Kofia yangu ilihamia kiti cha nyuma, na dereva wa daladala aliyekuwa ubavuni kwangu akabaki mdomo wazi, tusi lake likiwa bado halijatoka. Nikarudia Lugalo. Nikarudia Tegeta, pasipo sababu. Kila nilipofanya hivyo namba iliyo pembeni ya kioo ilipungua, ila mimi sikuwa naangalia namba, nilikuwa naangalia watu wanaoniangalia.

Tegeta nilimchukua Bibi, mama yake Shangazi, mwenye miaka themanini na ziada ambayo huitaja akitaka kukaa mbele. Tatizo lilikuwa mlango. Vitasa vya gari hili vimezama ndani ya bati ili upepo usipate pa kushika, hivyo ubavu mzima ni laini kama yai. Bibi akaupapasa. Akautafuta chini, akautafuta juu. Mwishowe akafanya ambacho mstaarabu yeyote wa Pwani angefanya mbele ya mlango usiofunguka: akabisha hodi. Ikatokea kwamba nilikuwa nakaribia na ufunguo mfukoni, na vitasa vikachomoza vyenyewe.

"Ahsante," Bibi akaliambia gari, akapanda.

Tukaondoka. Tulipofika Bunju akanigeukia. "Mjukuu wangu, unangoja nini kuliwasha?"

"Tunakwenda, Bibi. Tazama miti."

Akaitazama. Akafunga mkanda vizuri zaidi.

Baada ya Bunju niliamua kumwonyesha starehe. Viti vya mbele vina kitu cha kukanda mgongo, na nilikuwa nimekiona mahali fulani ndani ya kile kioo. Nikagusa picha ya kiti, nikagusa picha ya mgongo. Kimya. Nikagusa tena.

"Nani ananitomasa?"

"Ni kiti, Bibi."

"Kiti gani kinajua mpaka hapo? Kiambie kiache!"

Ndipo nikagundua kwamba kuwasha ni miguso miwili na kuzima ni miguso mitano. Nilikuwa kwenye mguso wa nne, Bibi anasoma dua, kidole kinatafuta, wakati askari wa usalama barabarani alipojitokeza chini ya mwembe na kuninyooshea mkono. Nilikuwa nimepigwa tochi: 74 kwenye eneo la 50. Kwenye kagari kangu mwendo huo unausikia mpaka kwenye meno. Ndani ya hili ulikuwa ukimya mtupu na Bibi.

"Hukusikia injini inavyolia?" afande akauliza.

"Halina injini, afande."

Akadhani namfanyia mzaha, akaniamuru nifungue boneti. Nikafungua. Palikuwa na beseni tupu, safi, lililofunikwa zulia jeusi, maana gari hili mota zake ziko chini kwenye ekseli na betri imelazwa sakafuni. Afande akalitazama beseni kwa muda. Akainama, akatazama uvunguni. Akamwita mwenzake naye aje atazame.

"Sawa," akasema hatimaye. "Injini huna. Faini unayo." Shilingi 30,000, na namba ya malipo nikatumiwa kwenye simu.

Hivyo ndivyo tulivyofika Bagamoyo, Bibi ameng'ang'ania mkanda na mimi nikiwa na asilimia 19, ambayo ningeweza kuitunza kama nisingekuwa na ndugu. Ndugu walitaka picha. Tukapiga picha Boma la Wajerumani la 1897. Tukapiga picha kwenye misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyopo tangu 1868. Tukaenda Kaole kwenye magofu, safari mbili, kwa sababu safari ya kwanza shangazi mwingine alikuwa bado anajipodoa, na muda wote kiyoyozi kikivuma na milango ikiwa wazi. Kufikia magharibi gari lilikuwa na asilimia 11, na lile swali la Shangazi likawa linangoja jibu uani.

Hapa inabidi nieleze Luku ya nyumba kama ile, kwa ajili ya wasomaji wanaoishi kwenye majumba yenye jenereta. Luku ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Unanunua tokeni ya tarakimu 20, unaibonyeza, uniti zinaingia. Mwenye matumizi madogo hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Akivuka hapo, kila uniti ya ziada inaruka hadi shilingi 350. Shangazi ameishi chini ya mstari huo miaka nenda rudi, kwa nidhamu ya mtu aliyefunga Ramadhani. Taa ya ukumbini inazimwa saa tatu. Pasi inawashwa mara moja kwa wiki na nguo za nyumba nzima hupita kwa mkupuo. Lipo daftari linaloning'inia kwa uzi karibu na mita, na kila jioni huandika zilizobaki.

Betri ya gari la Shemeji inabeba uniti 100.

Sikumwambia. Nilimwambia, "Nitachaji kidogo tu," kama mtu anayeomba simu ya mwenzake apige beep.

Ulaya gari hili huingizwa kwenye mashine ya kando ya barabara na kwa nusu saa hivi linakuwa limekunywa sehemu kubwa ya tangi lake. Kwa Shangazi kulikuwa na soketi ya pini tatu nyuma ya friza, na waya wa kuchajia wa dharura uliokuwa butini. Nikachomeka. Taa ikawaka nyekundu. Nikachomoa, nikapuliza, nikachomeka. Nyekundu. Nikasema bismillahi. Nyekundu.

Akaitwa fundi umeme wa mtaa, mtu mwembamba mwenye bisibisi sikioni. Akapima, akacheka. "Gari lako halitaki kwa sababu nyumba haina ethi." Chaja za magari haya hupima kwanza kama waya wa ardhini upo, na zisipouona hukataa kazi, ili mtu asije akagusa bati akarushwa. Redio haiulizi. Friji haiulizi. Nyumba nzima ilikuwa imeishi bila ethi pengine tangu marehemu mume wa Shangazi alipofunga nyaya kwa mkono wake, na hakuna aliyejua mpaka alipokuja mgeni mwenye madaha.

Tukaenda nyuma ya choo kuitafuta nondo ya ethi. Ilikuwepo, au tuseme kutu yake ilikuwepo. Upepo wa baharini ulikuwa umeitafuna ikabaki kama mswaki. Fundi akapigilia nyingine mpya, akachimba shimo kuizunguka, akaagiza mkaa, maji, na chumvi ya mawe. Bagamoyo chumvi huagizi mbali. Mashamba yake yapo Nunge, ng'ambo kidogo tu ya mji, na Shangazi huwa na nusu gunia jikoni. Udongo wenye chumvi na unyevu hupitisha umeme vizuri zaidi. Kwa hiyo chumvi iliyoila nondo ya kwanza ndiyo iliyoitwa kuisaidia ya pili. Fundi akamimina ndoo nzima, akanawa mikono, akasema, "Jaribu."

Kijani.

Watoto wakapiga makofi. Mimi nikakumbuka sharti la pili la Shemeji, nikajiambia kwamba alisema maji ya chumvi karibu na gari, hakusema chumvi karibu na choo.

Jioni barazani wazee waliokuwa wakinywa kahawa walikuwa wameshalijadili gari na kugawanyika. Mmoja alisema nchi ina umeme wa kutosha: bwawa la Nyerere kule Rufiji lina mashine tisa, kila moja megawati 235, jumla 2,115, treni ya umeme inakwenda Morogoro na Dodoma tangu 2024, gari moja litatushinda nini? Mwenzake akamjibu kwamba Rufiji ni Rufiji, na waya wa nyumba hii ni mwembamba kama tambi. Kijana mmoja akakumbusha kwamba Masoud Kipanya, yule mchora katuni, alikwisha kuzindua gari lake la umeme mwaka 2022, dogo, la kazi, halina haja ya kumkanda mtu mgongo.

Lakini aliyeteka baraza alikuwa mzee aliyezoea kuwatembeza wageni pale mjini kwenye kituo cha zamani cha misafara. Aliposikia mwenye gari ni Mnyamwezi, macho yakamng'aa, maana Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara yenyewe, na utani huo haulipiwi kodi.

"Hebu tufanye hesabu," akasema. "Babu zake huyo walikuja hapa kwa miguu kutoka Unyanyembe, mpagazi mmoja frasila mbili, yapata kilo 32. Gari kilo ngapi?"

"Elfu mbili na mia tano."

"Basi wapagazi karibu 80. Babu zake wangelibeba hili mpaka Tabora, na njiani wangelala, wangekula ugali, wangeamka. Yeye mjukuu kaleta gari linalolala, linakula, na haliamki!" Akangoja kicheko kipite. "Hata Livingstone alifika hapa 1874, kabebwa zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano, naye alifika chaji imekwisha. Lakini hakudai soketi."

Usiku nilifanya hesabu zangu mwenyewe, nikajuta. Soketi ile ilikuwa inatoa kilowati mbili, pengine na kitu. Gari linatumia kama robo uniti kwa kilomita. Maana yake kila saa lililosimama pale lilikuwa linajipatia kilomita nane za safari. Tajiri wetu wa sekunde tano alikuwa anasafiri uani kwa mwendo wa mzee anayekimbia mchakamchaka.

Kwenye mita kulikuwa na uniti 22. Saa kumi na moja alfajiri, kile kidude cha Luku kikaanza kulia pii, pii, pii. Saa kumi na mbili nyumba ikazimika. Kwanza likanyamaza feni, kisha friza, kisha nikasikia miguu ya Shangazi ikielekea kwenye mita, kisha sauti ya karatasi inafunuliwa, kisha kimya kirefu ambacho nakikumbuka mpaka leo.

"Njoo," akaniita. Hakupaza sauti. "Jana magharibi, ishirini na mbili. Leo sifuri. Mimi nililala. Binti yangu alilala. Mama alilala. Nani alikuwa macho?"

Wote tukaligeukia gari. Lilikuwa na asilimia 27, na taa ndogo ya kijani ikipumua polepole kama mtu aliyeshiba.

Kibaya zaidi, ndani ya friza kulikuwa na kamba wa harusi, mifuko minne, walionunuliwa sokoni ufukweni siku ile ya jana. Jua lilikuwa linapanda. Barafu ilipatikana kwa wavuvi, ila chombo cha kuwekea barafu yote ile hakikupatikana. Shangazi akatazama huku na huku. Mmoja wa watoto, ambaye alikuwa amesikia habari ya afande kutoka kwa Bibi, akasema, "Mbele ya gari kuna beseni."

Najua. Sharti la tatu. Lakini nyumba ile nilikuwa nimeizima mimi, na mtu aliyezima nyumba ya harusi hana sauti. Mifuko minne ikaingia chini ya boneti ya gari la thamani ya nyumba mbili, ikafunikwa barafu, na mimi nikaenda kununua tokeni. Kwa kuwa Shangazi alikuwa amekwisha kuvuka mstari wake wa 75, shilingi 20,000 zilileta uniti 46 na ushei. Nilipomsomea namba hiyo alifumba macho kama aliyeambiwa habari za msiba.

Ijumaa yote ikawa ya mgogoro wa kikatiba. Gari na pasi haviwezi kuwaka pamoja. Swichi kuu inaanguka. Gari na birika la umeme, vivyo hivyo. Wanawake waliokuja kupika na kupiga pasi wakaamua kwa kauli moja kwamba gari ndilo mgeni. Ikatungwa ratiba: pasi saa mbili hadi saa nne, gari mpaka adhuhuri, friza ina kipaumbele siku zote, na kila aliyepita karibu na soketi alikuwa na haki ya kuchomoa bila kuomba. Alasiri kamba wakatolewa, mifuko mitatu ikabebwa jikoni, na mpishi akalalamika kwamba hawatoshi. Lawama akabebeshwa paka.

Harusi yenyewe ilikwenda vizuri, nisiseme uongo. Jumamosi gari lilikuwa na asilimia 63 na limefungwa maua kwenye saitimira, kwa sababu vitasa vilikuwa vimejificha tena na mpambaji hakupata pa kufunga. Matarumbeta yalitangulia, sisi nyuma. Paa la gari hili ni kioo kitupu ili abiria watazame mbingu, wazo zuri kwa nchi ambazo jua lake ni la kuombea. Saa tisa mchana, Bagamoyo, bibi harusi ndani ya shela na dhahabu chini ya kioo kile alikuwa anaokwa kama mkate. Wifi zake wakatandika kanga tatu juu ya paa, mafumbo yakitazama angani. Nikataka kumsaidia, nikawasha kiti kinachopuliza ubaridi. Akaruka. "Kaka, nimekalia maji!" Nusu ya msafara ilisimama kukagua shela, na wakati wote huo gari halitoi mlio wowote, hivyo mbuzi wawili wakaja kulala kwenye kivuli chake, na ikabidi mpiga tarumbeta aje awapulizie masikioni.

Saa nne kasoro usiku, taarabu imekolea, watu wametunza mpaka noti zimeisha, umeme ukakatika. Safari hii si Luku. Mtaa mzima. Giza la Pwani, lile zito, na katikati yake sauti ya mwimbaji iliyobaki peke yake bila kinanda, kisha nayo ikafa. Wageni wakaanza kutafuta viatu.

Aliyetuokoa ni kijana wa jirani, wa kidato cha tatu, aliyeshinda siku mbili ndani ya gari akicheza na kile kioo. "Anko," akaniambia, "hili linaweza kutoa." Akanionyesha. Kweli, baadhi ya magari haya yana njia ya kurudisha umeme nje, na kile kidude cha plastiki kilichokuwa butini, ambacho nilidhani ni kifuniko cha kitu kilichopotea, ndicho kilikuwa soketi yake. Unakichomeka pale pale linapochajiwa, na gari linatoa kilowati tatu na zaidi. Yaani linatoa haraka kuliko nyumba ile ilivyokuwa ikiliingizia.

Tukachomeka ekstensheni ya wanamuziki. Kijana akagusa kioo. Kinanda kikalia.

Vigelegele vilivyopigwa hapo havikuwahi kupigwa kwa bibi harusi. Taa zikarudi. Mtu akaleta feni ya Bibi. Simu zikaanza kumiminika, nikahesabu ishirini na kitu zikichaji kwenye ekstensheni moja juu ya boneti. Jirani wa kushoto akarusha waya juu ya ukuta kwa ajili ya friza yake, akasema ni kwa muda mfupi. Mtaa mzima ulikuwa gizani isipokuwa ua wa Shangazi, na Shangazi mwenyewe akaja kusimama kando ya gari na daftari lake na tochi.

"Mgeni siku mbili," akaliambia, akilipiga kofi dogo begani. "Leo ya tatu. Lima."

Hapo ndipo simu yangu ilipoita. Shemeji. Guangzhou ilikuwa saa tisa usiku. Kumbe gari hili humtumia mwenyewe taarifa popote alipo: asilimia, joto la betri, upepo wa matairi, mlango upi uko wazi. Simu yake ilikuwa imemwamsha kumwambia kwamba gari lake linanyonywa.

"Shemeji, gari liko wapi? Kuna mtu anachota umeme wangu!"

Nyuma yangu kinanda kilikuwa kwenye kilele, na sikujua nianzie wapi: tochi, chumvi au kamba. Shangazi akaninyang'anya simu.

"Mkwe wangu, hujambo? ... Ndiyo, ni mimi. Ndiyo, harusi imefana. Ati umeme wako?" Akalifungua daftari, akamulika. "Umeme wa nani?"

Sijui alichojibiwa. Najua Shangazi alisoma kwa sauti: Alhamisi usiku, kumi na nane. Ijumaa na Jumamosi, arobaini. Jumla hamsini na nane. Nikamnong'oneza kwamba nilinunua tokeni za elfu ishirini. Akafunika simu kwa kiganja. "Hela ni hela, uniti ni uniti," akasema, akaendelea na mkwewe.

Umeme wa mtaa ulirudi saa tisa usiku. Gari lilikuwa limetoa uniti kumi. Shangazi aliziandika kwa kalamu nyekundu upande wa kulia, akatoa, na Jumapili asubuhi akanikabidhi karatasi iliyokunjwa mara nne: zimebaki arobaini na nane, mwenye gari akija kutoa pongezi aje amejaza. Nilirudi Dar es Salaam taratibu, mkono wa kushoto, kiyoyozi kimezimwa, madirisha wazi, nikapitwa na bajaji mbili na lori la mchanga. Nililifuta vumbi, nikaondoa noti moja ya mtunzo iliyokuwa imenasa kwenye wipa, nikaliegesha juani kwenye ua wa Shemeji na kulifunika turubai.

Alirudi kutoka China baada ya siku tisa. Jioni ile ile akanipigia, sauti ya upole kabisa, ya mtu anayetaka kusaidiwa kufikiri. Alisema simu yake inaonyesha gari halina hitilafu yoyote. Betri nzuri, matairi mazuri, milango yote imefungwa. Ila dada yangu amekataa kulisogelea, paka wa mtaa mzima wamelizunguka, na je, wakati tupo Bagamoyo, kwa bahati yoyote, ile boneti ya mbele iliwahi kufunguliwa?

Nikaanza kuhesabu mifuko.